Tumehesabiwa, Ila Hatujapita

Ndugu zangu, leo foleni ya Barabara ya Mandela, hapa Dar, imepata mgeni. Kijana wa kizibao cha kung'aa, kofia ngumu, ubao uliobana fomu, na kalamu imefungwa uzi utadhani nayo ina mpango wa kutoroka. Utafiti wa usafiri. Serikali inataka kujua kwa nini hatufiki. Na ili ijue vizuri, imetusimamisha.

Tuheshimu kazi ya watu kwanza. Kuhesabu magari si mchezo. Karatasi ina safu ya kila aina: bodaboda, bajaji, gari dogo, pikapu, Kosta, basi kubwa, lori la ekseli mbili, lori la tela. Kila dakika 15 unaanza mstari mpya. Magari manne ni fito nne, la tano linazikata kwa mshazari. Unakaa toka alfajiri mpaka magharibi siku 7, na siku moja au mbili kati ya hizo unakesha, ili wakubwa wapate kipimo cha kugeuza saa 12 kuwa saa 24. Halafu kila kitu kinageuzwa "gari dogo". Basi kubwa ni sawa na magari madogo mawili au zaidi, bodaboda ni nusu au chini ya nusu. Hapo ndipo heshima inaponiponyoka. Bosi mmoja ndani ya shangingi, vioo vimefungwa, baridi inampuliza, ni gari zima. Mshikaki wa watu watatu na godoro ni nusu gari!

Tena hiyo nusu yenyewe uipate. Bodaboda anapita katikati ya magari, anapita kwa waenda kwa miguu, anapita kinyume, na mhesabuji ana shingo moja.

Lakini ubovu mkubwa wala haupo hapo. Fito inapigwa gari likipita mbele ya kiti cha mhesabuji. Lisipopita, hakuna fito. Foleni ikishika mpaka ikafunga, kijana anakaa kalamu hewani robo saa nzima, karatasi imepata magari tisa. Saa nne njia ikifunguka, fito zinajaa mpaka pembeni. Sasa mpelekee mtu aliye ofisini ambaye hajawahi kupanda daladala: atakwambia saa moja asubuhi barabara ile haina wateja. Dawa yake inajulikana, unahesabu na mkia wa foleni, mara kwa mara, usihesabu kichwa tu. Ila mkia wetu nani ataufuata? Umepinda kona, umeingia kwenye taa za watu wengine, huko nako umezaa.

Basi kijana akachoka fito, akaingia kwenye daladala na fomu ya pili, ile ya unatoka wapi unakwenda wapi. Akamwangukia mama mmoja mwenye ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Naomba nikuulize maswali machache, dakika tano tu."

Konda akadakia: "Uliza hata saa nzima kaka, kwani nani anaondoka?"

"Safari yako imeanzia wapi?"

"Segerea. Nikapita Kimanga kumwacha mtoto kwa mdogo wangu. Sasa nakwenda Feri kufuata samaki, nikitoka Feri nipite Kariakoo kuchukua mafuta, nirudi Segerea nikaange, jioni niuze Relini."

Fomu ina mstari mmoja wa kutoka na mstari mmoja wa kwenda.

"Mama, nitajie safari moja."

"Si ndiyo hiyo moja?"

"Kusudi lake? Kuna kazi, shule, nyumbani na mengineyo."

"Kumwacha mtoto ni nini?"

"Mengineyo."

"Na samaki?"

Kijana akageuza karatasi, akatazama nyuma, huko nako hakuna samaki. "Mengineyo, mama."

Mwanamke anayelisha nusu ya mtaa, mengineyo! Na huu ni ugonjwa wa zamani wa tafiti hizi. Safari ya mwanamke ina viungo vinne vitano, fomu inakibakiza kimoja, vingine vinatupwa. Ramani ikichorwa inaonyesha mistari minene ya kuingia Posta asubuhi na kutoka Posta jioni, kana kwamba jiji zima limeajiriwa ofisi moja.

"Kipato chako kwa mwezi?"

Gari zima kimya. Dereva kapunguza muziki.

"Wewe ni mtu wa kodi?"

"Hapana mama, ni utafiti. Ni siri."

"Siri mbele ya watu arobaini?"

Akaliruka swali. "Ungekuwa tayari kuongeza shilingi ngapi ili ufike dakika 20 mapema?"

"Anakusanya nani hiyo?" konda akauliza haraka.

"Nikiongeza nitafika?" mama akauliza.

"Ni mfano tu."

"Basi kwa mfano, siongezi."

Kijana akaandika sifuri.

Hiyo sifuri, jamani, sichekei. Faida ya barabara inapigwa hivi: dakika zitakazookolewa, mara idadi ya watu, mara bei ya dakika moja, kwa miaka 20 hivi, kisha unatoa gharama. Na bei ya dakika, kwenye hesabu nyingi, inatokana na kipato cha mtu. Kwa hiyo dakika ya mama ni chenji, ya shangingi ni noti. Dakika zetu hazina bei kwa sababu hatuna hela, na hela hatuna kwa sababu dakika zimeishia hapa Buguruni. Nani aiandike hiyo kwenye mengineyo?

Mbele kule kuna trafiki kaziacha taa zinawaka zenyewe kama mapambo ya harusi. Njia moja ya magari, ikiruhusiwa, inapitisha gari moja kila sekunde mbili hivi. Yeye anashikilia upande mmoja dakika kumi, lile kundi lililobanana limeshapita zamani, sasa anapitisha gari moja moja na upepo, huku upande wetu mkia umeshafunga makutano ya nyuma. Malori ya bandarini nayo: ekseli ya tani 10 ukiipakia 12, lami inaumia kama mara mbili. Tani mbili tu! Ndiyo maana kuna mashimo.

Na si kwamba mipango haipo. Mpango mkuu wa usafiri tuliandikiwa na Wajapani 2008, ukahuishwa 2018. Wakala wa mwendokasi ulianza 2007, basi la kwanza likabeba abiria 2016, kilomita 20.9. Sensa ya 2022 ikasema Dar tupo 5,383,728, na hiyo naiamini, maana wote wako mbele ya hili daladala.

Anayeijua foleni hii ni muuza karanga. Gari likizidi mbio za mtu mwenye chenji mkononi, biashara yake imekufa, kwa hiyo anajua kila saa foleni inaanzia nguzo ipi na inaishia nguzo ipi. Kijana wa fomu kanunua za mia mbili, kazitafuna, hakumuuliza kitu. Na hizo karanga zenyewe! Zamani ulikuwa unakuta karanga zimefungwa fundo, siku hizi unakuta fundo limefungwa karanga mbili. Wee, muuza! Hebu rudi hapa, za mia mbili ziko wapi humu? Konda, usiondoe gari kwanza.

Ah, samahani konda. Nimejisahau.