Goli halihami

Tangu Clatous Chama avuke kutoka Simba kwenda Jangwani, kwa watani wetu Yanga, mwaka 2024, na Mohamed Hussein 'Tshabalala' naye akaelekea huko huko mwaka uliofuata, wapo wana Simba waliofuta kumbukumbu zao. Rafiki yangu mmoja nilimshuhudia mwenyewe. Tumekaa kwenye benchi la kahawa, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine, akafika kwenye video ya lile goli tulilowafunga AS Vita ya Congo, akaifuta. Niliumia sana. Siku ile nilinyamaza, leo nasema: mchezaji anahama, goli halihami.

Wadogo zetu ambao hawakuwapo wajue tulitoka wapi. Msimu wa 2018/19 tuliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2003, mwaka tuliomvua Zamalek ya Misri ubingwa. Januari tukaenda Kinshasa, AS Vita wakatupiga tano bila. Wiki mbili baadaye tukaenda Misri, Al Ahly nao tano bila. Watani mtaani kwetu hata maneno hawakuyahitaji. Ukipita barazani wanakunyooshea kiganja, vidole vyote vitano, kimya. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini.

Lakini nyumbani hakuna aliyetuweza. JS Saoura ya Algeria walikula tatu. Al Ahly, hao hao wa tano, Meddie Kagere akawafunga moja na wakaondoka nayo. Kwa hiyo Jumamosi ya Machi 16, 2019, Vita walipokuja Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakiwa na pointi saba na sisi sita, hesabu ilikuwa nyepesi kuitamka na nzito kuibeba: tushinde. Sare ilikuwa inatutoa.

Nilikaa mzunguko, majukwaa ya bei nafuu. Dakika ya 13, Kazadi Kasengu akatufunga. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, kofia ya kiua kichwani, skafu nyekundu shingoni. Aliivua ile skafu taratibu, akaikunja mara nne kama mtu anayekunja msala, akaiweka mapajani na kuikandamiza kwa viganja viwili. Hakusema kitu. Uwanja mzima ulikuwa hivyo hivyo.

Watu wote huzungumzia goli la Chama. Mimi nasema usiku ule uliokolewa na Tshabalala. Dakika ya 36, beki wa kushoto, kijana tuliyemtoa Kagera Sugar mwaka 2014, akasawazisha. Tungekwenda mapumziko tuko nyuma, mbele ya timu iliyotupiga tano, miguu ingekuwa mizito na sisi jukwaani sauti zingekauka. Lile goli ndilo lililoturudishia pumzi. Mzee akaikunjua skafu, lakini hakuivaa.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Tunashambulia, mpira unarudi. Tunapiga kona, mpira unarudi. Dakika ya 80 na kitu wapo walioanza kushuka ngazi kuwahi daladala, na siwalaumu, maana kutoka Taifa usiku watu wamejaa ni shughuli. Tulikuwa wa mwisho kwenye kundi. Watu wanasahau hilo: hadi dakika ya 89 Simba ilikuwa inashika mkia.

Dakika ya 90, Chama, Mwamba wa Lusaka, akafunga. Mbele yangu wote walikuwa wamesimama, sikuuona mpira ukivuka mstari. Niliona wavu ukitikisika, kisha sikuona tena chochote, kwa sababu yule mzee alinirukia shingoni akilia, skafu yake imeniziba uso, inanuka jasho na karanga. Mbili moja. Kutoka mkiani hadi nafasi ya pili kwa mguso mmoja, robo fainali hiyo.

Baadaye TP Mazembe walitutoa, sawa. Hilo halinipunguzii kitu.

Sasa mniambie nifute nini hapo. Tshabalala alitumikia jezi yetu miaka 11 na kuvaa kitambaa cha unahodha. Kuondoka kwake kuliniuma, na kule alikokwenda kuliniuma zaidi, sifichi. Akiwa amevaa kijani na njano nitamzomea dakika zote tisini, ndiyo utani wetu. Ila dakika ya 36 alikuwa amevaa jezi yetu, na aliyelia shingoni kwangu alikuwa mwana Simba, na waliokuja kutukumbatia kule mtaani usiku wa manane walikuwa wana Simba. Ukiifuta ile video humkomoi Chama wala Tshabalala. Unamfuta yule mzee.

Yangu ninayo, nimeihifadhi kwenye simu na kwenye kadi ya kumbukumbu ya akiba. Rafiki yangu akiitaka, ataikuta.