Siku ya Tatu Mpe Ankara

Majuzi nilialikwa kwenye semina katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa Pangani, mkoani Tanga, hoteli iliyoezekwa makuti kwa ustadi kuliko nyumba yoyote ya makuti niliyowahi kulala utotoni. Pale mapokezi, juu kidogo ya kichwa cha kijana anayepokea malipo, ukuta ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya dhahabu: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Chini yake, kwa herufi ndogo, ilielezwa kuwa hiyo ni methali ya Kiafrika. Nilimwuliza yule kijana, kwa upole wote nilionao, wageni wao wa siku ya tatu hupelekwa shamba gani. Alicheka kwa adabu, akanikabidhi ufunguo. Yaonekana aliyechagua maneno yale alitaka kuwakaribisha watu, na hakupata hata jirani mmoja wa kumwambia kwamba amewaandikia wateja wanaolipa kwa usiku msemo wa kumchosha mgeni aondoke. Siku ya tatu ilipofika sikupewa jembe. Nilipewa ankara.

Ukumbi wa chakula nao ulikuwa na msemo wake, "Haraka haraka haina baraka", na kwa hakika wapishi walikuwa wameuamini. Bafuni, juu ya bomba, waliandika "Haba na haba hujaza kibaba", ambao kwa namna maji yalivyokuwa yakidondoka ulikuwa angalau taarifa ya kweli.

Wenzangu wa semina waliniuliza kwa nini jambo dogo kama hilo linikere, nami niliwajibu kwa hasira, kwa hiyo naomba nilijibu hapa kwa utulivu. Nimekulia mahali ambapo msemo ulikuwa na mwenyewe. Ulitoka kinywani mwa fulani ukamfikia fulani, juu ya kisa ambacho kila aliyekuwapo alikuwa anakijua, na baada ya kusemwa jambo lilikuwa limesogea: mtu amekosolewa, au amesamehewa, au ameonywa, au ameambiwa aondoke. Ukiuchukua msemo huo ukauvua msemaji, ukauvua aliyesemwa, ukauvua na kisa chenyewe, kinachobaki ni rangi ya dhahabu.

Anayeifahamu Pangani atanielewa upesi. Mji umejibana pale mto unapoingia baharini, bahari upande mmoja, mto upande wa pili, minazi nyuma, na watu wote wakipita katika njia zilezile chache. Ukigombana na mtu asubuhi wakati wa kununua vitumbua, mchana utamkuta kwenye pantoni ya kwenda Bweni, alasiri mtasimama safu moja msikitini, na jioni wanawake wa nyumba zenu watakuwa wameketi pamoja wakichagua mchele wa shughuli ileile. Msiba nao haungoji watu wapatane. Likitoka jeneza, aliyekununia atakuwa ameshika upande wa pili. Katika mji wa namna hiyo maneno ya wazi ni anasa ya mtu mwenye nauli ya kuhama. Wengine wote walihitaji namna ya kusema jambo zito leo na bado kuazimana chumvi kesho, na namna hiyo ndiyo iliyozaa mafumbo, misemo na methali ambazo leo tunazibandika bafuni.

Mjomba wangu mmoja aliondoka Pangani kwa kelele. Alisema hawezi kuzeekea katika mashua ya mtu mwingine, akauza nyavu zake kwa bei ya hasira, na siku ya safari akapita kwenye baraza ya kahawa kuwaaga wazee kwa maneno ambayo wao hawakuyahesabu kuwa ni ya kuaga. Dar es Salaam ikamfanyia kama inavyowafanyia wengi. Alirudi usiku, juu ya lori lililokuwa limepeleka nazi na sasa linarudi tupu, akaingia kwa mlango wa uani, na kwa siku kadhaa hakutoka nje. Siku aliyojikaza akatoka, mimi nilikuwa nimetumwa kashata, nikamwona amesita pembeni mwa baraza, mkono mmoja ameshika nguzo. Hakuna aliyemwuliza habari za mji mkubwa. Mzee mmoja alijisogeza kwenye mkeka akaacha nafasi, muuza kahawa akasuuza kikombe, na yule mzee, macho yake yakiwa mtoni, akasema, "Mwenda tezi na omo." Wa pembeni yake akamalizia, "Marejeo ni ngamani." Mjomba akaketi, akapewa kahawa, nao wakaendelea na mazungumzo yao ya bei ya dagaa.

Hebu tazama yaliyotendeka pale. Mjomba alikaripiwa kwa kelele zake za siku ile, akapokewa, akafahamishwa kuwa yaliyompata yamewapata wengi kabla yake, na akahakikishiwa kwamba hapatatokea mtu wa kuyachimba tena. Yote hayo yalipita katika nusu mbili za msemo mmoja wa mabaharia, kwamba azungukaye nyuma na mbele ya chombo mwishowe hurudi tumboni mwake, zilizogawanywa baina ya wazee wawili ili asijulikane ni nani hasa aliyemsema. Mtoto niliyekuwa nimesimama na kashata mkononi nilielewa kwamba mtu amehukumiwa na kuachiwa huru papo hapo. Sasa utafute msemo huohuo katika picha zinazorushwa kwenye simu zetu kila Jumatatu asubuhi. Utaukuta chini ya picha ya jahazi, pamoja na maelezo kwamba unatufundisha kupanga malengo ya maisha. Malengo! Mjomba alikuwa na malengo mengi kuliko nyavu zake. Alichokikosa asubuhi ile ni mahali pa kukaa, na wazee walimpa.

Bibi yangu, kwa upande wake, hata methali kamili aliiona ni matumizi mabaya ya pumzi. Alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi yenye meno makali kuliko zote mtaani, na jirani yetu alikuwa na tabia ya kuiazima na kuisahau. Bibi hakuwahi kwenda kuidai. Aliketi kizingitini, akaipasua nazi kwa kishindo ambacho nyumba ya tatu wangekisikia, akayakinga maji yake katika bakuli, kisha akaniambia, "Nenda kamwambie shoga yangu nazi imekwisha kuvunjwa." Nilikuwa nikifika, nakariri ujumbe huo usio na dai ndani yake, na mbuzi ilitolewa haraka ikiwa imeoshwa, pamoja na vipande vya mkate wa kumimina kwenye sahani. Sahani ya jirani, kama mjuavyo, hairudi tupu. Kwa hiyo ugomvi wa mbuzi uligeuka kuwa deni la sahani, na deni hilo lilizunguka baina ya nyumba mbili hadi mmoja wao alipofariki. Kwa mambo makubwa zaidi bibi alikuwa na kanga. Alichagua moja, akajifunga, akapita nayo mtaani polepole, na hapo hata mjumbe hakuhitajika.

Shuleni tuliletewa urithi huu wote katika umbo la kujaza nafasi: "Kamilisha methali zifuatazo." Tulizikamilisha, tukapata alama, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza ni nani anayeweza kumwambia nani, na wakati gani.

Na huu wetu wa Tanga, "Waja leo waondoka leo", ndio ulioteswa kupita yote. Mshereheshaji akiletwa kutoka Dar es Salaam hawezi kushika kipaza sauti bila kuutolea kichekesho cha limbwata na cha mwanamke wa Kitanga anayemsahaulisha mwanamume njia ya kwao. Ukumbi unacheka, nasi wenyewe tunacheka, kwa sababu mgeni haaibishwi. Mimi niliuzoea mlangoni kwetu, mgeni akishika mkoba wake baada ya chai, mwenyeji akimtania hivyo huku ameshamtuma mtoto kwenda kununua samaki wa mchana.

Wapo watakaosoma haya wakadhani ninalilia usafi wa mambo ya Pwani, kana kwamba misemo yetu ilishuka na mvua. La. Mji wa Pangani umechanganyika tangu zamani, na umeona makubwa. Wajerumani walimnyongea humo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi yao, Desemba 1889, na miaka michache baadaye, mwaka 1893, mkonge ukaanza kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Mkonge uliwaleta manamba, vibarua wa mashambani, kutoka kila upande wa nchi na hata nje ya mipaka yake, wakaishi kambini na Wazigua na Wabondei, wakafundishana matusi, utani, na namna ya kumsema msimamizi mbele yake bila yeye kujua. Nusu ya yale tunayoyaita maneno ya wazee wetu huenda yalipanda treni au yalikuja kwa miguu. Sina shida na msemo uliohama pamoja na watu wake.

Nalazimika pia kukubali, ingawa sipendi, kwamba mji mdogo haukuwa pepo, na kwamba chombo kilichoweza kumsitiri mjomba kiliweza pia kumziba mtu mdomo. Shangazi yangu aliporudi nyumbani na jicho lililovimba, wakubwa walimpa "Mvumilivu hula mbivu", wakamrudisha kwa mumewe, na mbivu zenyewe hakuziona hadi alipoondoka mwenyewe bila kumuuliza mtu. Msemo ule siwezi kuusikia mahali popote bila kumkumbuka. Sisi watoto nasi tulikuwa na wa kwetu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", uliotolewa kila mara mkuu alipokuwa amekosea na hataki kuulizwa. Na kuhusu barabara ya lami ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la kuvuka mto, siungani kabisa na wanaosikitika kwamba itaua maisha ya kale. Kutoka Pangani hadi Tanga mjini ni kilomita 50 hivi, na mtu anayezisema kwa mahaba kilomita hizo za vumbi na tope hajawahi kuzipita masika akiwa na mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali ya Bombo.

Ila lami hiyohiyo ndiyo iliyoleta kisa cha mwisho ninachotaka kukieleza. Ukoo wetu una shamba la minazi upande wa ng'ambo, la urithi, lisilogawanywa, na kwa kuwa ufukwe sasa unafikika, kila mwanaukoo amekumbuka ghafla kwamba anaipenda minazi. Mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alichoka na mafumbo. Aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp ni nani aliyeuza nazi za msimu gani, alipokea kiasi gani, na ni nani hakupewa chochote, akaweka na picha za risiti. Kwa upande wa hesabu sikuona alipokosea. Mama mdogo aliyetajwa alijitoa kwenye kundi usiku uleule, waliobaki wakagawanyika makundi mawili, na yakasemwa maneno ambayo kwenye baraza yasingepata mtu wa kuyaanza.

Babu mdogo, ambaye haandiki, alituma ujumbe wa sauti. Ulianza kwa kikohozi, ukafuata ukimya kidogo, kisha akasema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru," akakata. Vijana wakamjibu kwa vikaragosi vya kucheka. Mmoja aliandika amina. Mwingine akauliza ni panzi gani hao. Hakuna aliyeshughulika na kunguru, na kunguru ndiye aliyekuwa habari yenyewe: kuna dalali aliyekuwa akizunguka pwani ile akinunua haki ya mrithi mmojammoja, na alikuwa amekwisha kuketi mara kadhaa kwenye baraza ileile anayonywea kahawa babu mdogo. Babu asingeweza kumtaja, kwa sababu dalali huyo ni mtoto wa jirani, na baba yake ndiye aliyetusaidia kuchimba kaburi la bibi. Alitupa onyo zima, lenye mhusika na hatari yake, kwa njia ambayo ingemwezesha kumwamkia jirani yake kesho asubuhi bila kuinamisha uso. Sisi, tuliopata alama zote za kukamilisha methali, tukamrudishia vikaragosi.

Mpwa wangu alinipigia simu baadaye kuniuliza kunguru ni nani. Nilimwambia apande basi aje kumwuliza mwenyewe, na asimwulize mbele ya watu. Amekubali kwa shingo upande. Kikao kimepangwa baada ya Idi, uani kwa babu mdogo. Mama mdogo atakuja kwa sharti kwamba hakuna atakayemsomea risiti, mpwa wangu amepewa kazi ya kumnunulia kitoweo yeye mwenyewe, na mimi nimeambiwa nije mapema kusonga bada, ugali wetu wa muhogo.