Vitabu vya Wawindaji wa Kale: Vinatufaa Nini Tabora na Kigoma?

Ukifungua nyumba ya wageni Ujiji au Tabora, hukosi mtu wa kukushauri utundike ukutani mchoro wa Stanley na Livingstone wakivuliana kofia. Mchoro upo, na unanunulika. Gazeti la Illustrated London News liliuchapa mwaka 1872, na Stanley mwenyewe akathibitisha kwamba ni sahihi kana kwamba tukio lilipigwa picha kwa kamera. Wafanyabiashara wa Uingereza wamekuwa wakikatakata matoleo ya zamani ya gazeti hilo na kuuza kurasa moja moja, kiasi kwamba leo mwenye simu na kadi ya benki anaweza kuagiza karatasi yenye umri wa zaidi ya miaka 150 na kwenda kuichukua posta.

Nyuma ya karatasi hiyo kuna soko kubwa la vitabu na michoro ya kale ya michezo. Kwa Waingereza wenye nafasi wa karne ya 19, michezo ilikuwa kwanza kuwinda, kukimbiza farasi na kuvua kwa ndoano. Wakusanyaji wa huko wanagombania michoro ya Henry Alken, farasi wakiruka ua na mbwa wakimfukuza mbweha. Waendelee. Sisi kinachotugusa ni tawi la Afrika la soko hilo, yaani vitabu vya watu waliopita kwetu wakiwa na daftari mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, waliingia Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857. Speke alirudi na msafiri mwenzake Grant mwaka 1861, na kitabu alichotoa mwaka 1863 kina michoro iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Grant, huku masimulizi yake yakiwa yamejaa wanyama aliowapiga risasi njiani. Je, Mtanzania atoe fedha yake kukusanya vitu kama hivi?

Wanaopinga wana hoja nzito, na sipendi inavyopuuzwa na wapenzi wa vitabu. Vitabu hivi viliandikwa kumtukuza mwenye bunduki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliporudi kutoka safari yake ya Afrika ya 1909 na 1910, alichapa kitabuni orodha ya wanyama 512 aliowaua yeye na mwanawe Kermit, kama mtu anayeonyesha stakabadhi. Wakati huo Mnyamwezi aliyewinda kwa mkuki au kwa gobori alikuwa amekwisha kubanwa, kwa kuwa Gavana Wissmann wa Wajerumani alitoa amri ya wanyamapori mwaka 1896 iliyotaka mwindaji awe na kibali. Hivyo tendo moja likaandikwa ushujaa kwa mmoja na kosa kwa mwingine, na kitabu kikabaki na yule wa kwanza. Ongeza lugha ya vitabu vyenyewe, ambamo babu zetu ni wapagazi wavivu, wezi wa shanga, watu wa kuchapwa. Mzazi anayehangaika na ada ya shule ana haki ya kuuliza kwa nini tupeleke fedha Ulaya kununua matusi yetu wenyewe yaliyojaladiwa kwa ngozi.

Wapo pia wanaosema ni bure tu kununua, kwa sababu vingi vimeshaisha muda wa hakimiliki na vinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Hoja hii ni ya kweli nusu. Maneno unayapata, ila ramani mara nyingi huipati. Vitabu vya wasafiri wa enzi ile vilikuwa na ramani kubwa iliyokunjwa ndani ya jalada, na waliovipiga picha kwa haraka maktabani hawakujisumbua kuikunjua. Utaona kona ya karatasi, mkunjo na kivuli, basi. Kwa mtu wa Tabora au Kigoma, ramani ile ndiyo ina njia za misafara, majina ya vijiji vilivyohama au kufa, na umbo la ziwa kama walivyolidhania kabla halijapimwa vizuri.

Wanaotaka tukusanye wanasema matusi hayafuti ushahidi, na mimi niko karibu nao. Soma Burton au Speke ukiwa na hasira zako zote, bado utakuta hongo, yaani ushuru wa kupita nchi ya mtu, ilidaiwa wapi, kitambaa gani kilipendwa, nyumba za tembe zilijengwaje, na Wanyamwezi wakipeleka pembe zao pwani kwa misafara waliyoiongoza wenyewe. Utamkuta Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron, na ambaye bila yeye hao watatu wangepata taabu hata ya kununua chakula. Upande wa wanyama, Mjerumani C. G. Schillings alitoa mwaka 1905 kitabu cha picha alizozipiga usiku kwa mwanga wa ghafla huku huku Afrika Mashariki ya Wajerumani. Aliwinda sana, lakini kamera yake imetuachia kumbukumbu ya wanyama wakiwa hai katika nchi ambayo sasa tunabishana kuhusu mipaka ya hifadhi zake.

Ninapotofautiana na wakusanyaji ni kwenye kukata. Kitabu chenye michoro mizuri huweza kuleta fedha zaidi kikichanwa kuliko kikiuzwa kizima, na kila anayenunua mchoro mmoja wa kutundika anaupa wembe kazi. Mnunuzi wa huku huuziwa hata kisicho cha kale. Chukua lenzi ya mkono uisogeze karibu na karatasi. Ukiona nukta ndogo ndogo za rangi zimejipanga kwa utaratibu, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa hata kama imepakwa chai ili ionekane kuukuu. Mchoro wa bamba la shaba huacha mbonyeo kuzunguka picha, unausikia kwa kidole kama pembezoni hapajapunguzwa. Michoro ya magazeti ya 1872 ilichapwa kwa ubao, kwa hiyo mbonyeo usiutafute, tafuta mistari safi isiyo na nukta. Ikiwa na rangi, uliza nani aliipaka na lini, maana mingi ilitoka nyeusi na nyeupe. Kwa ukuta wa hoteli, sioni kosa la kuchapisha nakala mjini. Jua la dirishani litaibabua, utachapisha nyingine.

Kuhusu utunzaji sitasema mengi. Mchwa wa Tabora hawaulizi kitabu ni toleo la ngapi, na unyevu wa kando ya ziwa huleta madoa ya kahawia. Kabati la chuma lililoinuliwa kutoka sakafuni na kufunguliwa mara kwa mara lipate hewa linatosha kuanzia.

Ningekuwa na bajeti ya shule au maktaba ya mkoa, ningenunua nakala nzima iliyochakaa, yenye mihuri ya maktaba ya zamani na mgongo uliovunjika. Wakusanyaji wa Ulaya huikwepa, kwa hiyo bei yake hushuka, ila maneno yamo na ramani ukiihakikisha kabla ya kulipa imo. Ingekaa mezani isomwe, mwalimu akiwa karibu wa kuwaonyesha wanafunzi Speke anapokosea na anapodanganya.

Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo ningeielekeza kwingine. Uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku nchini mwaka 1973 ukafunguliwa tena 1978, na pori la Ugalla, huku kwetu magharibi, limekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Wasoma nyayo, wachuna ngozi na askari wa wanyamapori waliopitia mabadiliko hayo wana vibali, barua za kazi na picha zilizokunjwa ndani ya masanduku ya bati. Hakuna mnada unaoziuza wala tovuti iliyozipiga picha. Gharama ya kuzipata kwa sasa ni nauli ya kwenda Sikonge au Urambo, simu yenye kamera nzuri, na subira ya kukaa na mzee hadi aeleze ni nani amesimama kando ya yule mzungu.