Semina ya saa mbili haitoshi
Eti mwalimu yeyote akihudhuria semina moja anaweza kuwafundisha wanafunzi kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi. Hapo nakataa. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, na mwaka jana tuliletewa semina kama hiyo kazini, saa mbili tu. Tukaambiwa tufumbe macho. Punde mwenzangu wa wodi ya wazazi, ambaye wiki ileile alikuwa amefiwa na mama mmoja wa wodini mikononi mwake, akaanza kutetemeka, machozi yakilowesha kola ya sare. Mkufunzi akaendelea kusoma karatasi yake! Ni sisi tuliomshika tukamtoa nje, tukakaa naye chini ya mwarobaini mpaka akaweza kuongea. Kozi ya mazoezi haya ya kutuliza akili aliyoianzisha Mmarekani Jon Kabat-Zinn katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 huendeshwa kwa wiki 8, na mkufunzi hutarajiwa awe anayafanya mazoezi hayo mwenyewe. Tena chimbuko lake ni Ubuddha, wazazi waambiwe wazi kabla, wasije wakasikia kwa majirani. Walimu wa Nyalenda na Manyatta mnaosoma hapa, mtoto akilipuka kwa kilio darasani, nani atabaki naye?