Karani asiyekimbia

Ukipita Moi Avenue, Mombasa, saa tatu asubuhi utawaona makarani wa kliaringi, yaani wa kutoa mizigo bandarini, wakienda mbio, faili kwapani, simu sikioni, wengine hawajatia hata kikombe cha chai tumboni. Wakubwa wao huwasifu: kijana huyu mchapakazi kweli. Mimi naona wanamsifu asiyefaa. Katika ofisi ya wakala wa forodha, mbio za leo mara nyingi ni kazi iliyoachwa wiki iliyopita. Anayestahili nyongeza ya mshahara ni yule aliyetulia kitini mwake huku mizigo yake ikitoka bandarini bila kelele, wala mteja hampigii bosi simu kulalamika.

Utulivu huo haununuliwi kwa jasho. Nusu saa kwa kila mzigo yatosha, lakini lazima iwe kabla meli haijafunga gatini Kilindini. Kontena la mzigo wa humu nchini hupewa siku 4 za bure bandarini. Zikipita, KPA, mamlaka ya bandari, huanza kudai stoo, yaani ada ya kuweka mzigo, kila siku, na kampuni ya meli nayo ina hesabu yake ya demareji, ada ya kuchelewesha kontena lake. Jina likikosewa herufi kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, na kosa likajulikana siku ya 3, marekebisho peke yake yaweza kumeza muda wote uliobaki. Kosa lilo hilo likionekana meli ikiwa bado baharini, unamwandikia aliyetuma mzigo, yeye anazungumza na kampuni ya meli huko huko, basi.

Weka mbele yako BL (hati ya mzigo itolewayo na kampuni ya meli), invoisi na orodha ya mzigo. Zichape kwenye karatasi, ushike na kalamu, kwa sababu kwenye skrini macho huruka. Anza na jina la mwenye mzigo na PIN yake ya kodi, herufi kwa herufi. Kisha namba ya kontena: herufi 4, halafu tarakimu 7. Ile tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zote zilizotangulia, kwa hiyo aliyegeuza 36 ikawa 63 karibu kila mara hunaswa hapo. Fuata idadi ya vifurushi na uzito. Hapa wengi hubabaika bure: BL huandika uzito pamoja na vifungashio, na wao wanaulinganisha na uzito wa bidhaa tupu. Linganisha jumla kwa jumla. Ikiwa bado hazikubaliani, hapo ndipo pa kuuliza.

Halafu bei. Ushuru hukokotolewa juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli. Invoisi ikiwa ya FOB, yaani bila nauli ya meli wala bima, tafuta karatasi za nauli na bima mapema. Ukiziacha, ofisa wa KRA, mamlaka ya kodi, atakuuliza, na kila swali lake ni siku yako moja inayokwenda.

Mwisho kabisa cheti cha COC, cha kuthibitisha kwamba bidhaa zimetimiza viwango, kwa bidhaa zinazokihitaji. Hiki hutolewa kule mzigo unakotoka, kabla haujapakiwa. Ukishafika Kilindini bila cheti, hata ukimbie kutwa nzima kati ya afisi na bandari hukipati tena. Mteja ataomba ukaguzi wa huku, alipe zaidi na angoje zaidi. Kwa hiyo swali la COC liulizwe siku mteja anapotaja kwamba anaagiza.

Kazi hiyo ikishafanyika, ionyeshe. Kuna makarani hodari wanaodharauliwa kwa sababu kazi yao haionekani, na hilo ni kosa lao kwa nusu. Tuma ujumbe saa mbili na robo, kabla bosi hajauliza. Mistari michache tu (delivari oda ni idhini ya kampuni ya meli ya kuuchukua mzigo):

“Kontena la leso: ushuru umelipwa jana, delivari oda tunayo. Ukaguzi leo saa tano. Siku za bure zaisha Alhamisi. Kwako hakuna kinachohitajika.”

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kubwa, maana unampa bosi asubuhi yake. Neno “inashughulikiwa” usiliandike kamwe. Halisemi kitu, na atakayelisoma atakupigia simu tatu. Habari mbaya nayo iingie kwenye ujumbe huo huo, pamoja na hatua uliyokwisha kuchukua. Kukaa afisini mpaka saa mbili usiku ili uonekane, au kupeleka nakala ya kila barua pepe kwa kila mtu, huchosha na hakuokoi hata siku moja ya stoo.

Nisieleweke vibaya. Kutumia nguvu kidogo si kumsukumia mwenzako faili lako, wala kutia sahihi asubuhi kisha ukapotea. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, huhesabu kuzembea kazi kwa makusudi kuwa sababu ya kufukuzwa papo hapo, na ni haki. Ndani ya kontena lile mna mtaji wa mtu, pengine wa muuza leso wa Biashara Street aliyetia kila alichonacho. Stoo ya siku tano yaweza kula faida yake yote.

Nanyi waajiri, acheni kuhesabu saa za kukaa. Kila Ijumaa ulizeni swali moja: wiki hii tumelipa stoo ya siku ngapi, na kwa nini? Mtamjua karani wenu kwa jibu hilo.

Kuna pahali pamoja ambapo hata makarani wazuri huteleza. Mzigo ukishafika kwa mteja, kila mtu hupumua na faili hufungwa, ilhali demareji ya kampuni ya meli inaendelea kuhesabiwa hadi kontena tupu lirudishwe. Mpigie dereva siku ile ile ya kushusha. Akilirudisha, akupe karatasi ya intachenji, ushahidi kwamba kontena limerudi, uipige picha palepale uiweke kwenye faili, na uanze kudai ile dhamana ya kontena mliyoiweka kwa kampuni ya meli. Simu mbili na picha moja. Bila karatasi hiyo, miezi miwili baadaye mkidaiwa siku msizohusika nazo, hamna cha kuonyesha.