Hapa Louisville nalipia chokaa

Wiki iliyopita mwashi kanitajia bei ya kuziba nyufa za ukuta wa nyuma, nikamwomba arudie. Karudia, ile ile. Basi tia saruji, nikamwambia, mfuko wa dukani si ghali. Hakupenda. Nyumba hii, anasema, ni ya miaka ya 1890, matofali yake laini, yanapumua. Ukiyabana kwa saruji ngumu maji yatanasa ndani, baridi ikija yataganda humo humo, na uso wa tofali utabanduka. Hapa panataka chokaa. Na chokaa, pamoja na mtu anayeijua, ndiyo hiyo bei.

Chokaa! Mimi mtoto wa Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, niliyekulia ndani ya kuta za mawe na chokaa nene hata simu haishiki, nimekuja Kentucky kusomeshwa chokaa na Mmarekani. Nimelipa. Lakini donge limebaki, na leo nalitoa.

Ninakaa Old Louisville. Ni mtaa wa nyumba za zama za Malkia Victoria: matofali mekundu, minara midogo pembeni, vioo vya rangi juu ya mlango, dari ndefu mpaka kubadilisha taa ni kazi ya watu wawili. Sehemu ya mtaa imejengwa palipokuwa na maonyesho makubwa yaliyofunguliwa na Rais Chester Arthur mwaka 1883, yakawashwa taa za Edison 4,600. Mwaka huo huo 1883, kwetu, Sultani Sayyid Barghash anasimamisha jumba la Beit al-Ajaib, ambalo baadaye likatiwa umeme na lifti, watu wakaenda kulishangaa. Kwa hiyo asije mtu kunambia hawa walitutangulia. Tulianza pamoja.

Na waliharibikiwa pia. Januari 1937 mto Ohio ulifurika ukameza sehemu kubwa ya mji, na wenye pesa wakazidi kukimbilia vitongoji vya juu. Nyumba zikakatwakatwa vyumba vya kupangisha, nyingine zikavunjwa. Baadaye wakatokea watu wakaanza kuzinunua na kuzifufua, na mwaka 1975 mtaa ukaandikwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Bado haujapona wote. Upande wangu wa kulia kuna nyumba imepigwa msasa mpaka inang'aa; wa kushoto madirisha yamezibwa kwa mbao. Yangu iko katikati, kwa nafasi na kwa hali.

Wakongo wa hapa, na ni wengi mpaka Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya dukani, wananishangaa. Kaka, kwa nini nyumba ya marehemu, inayokula gesi kipindi chote cha baridi, na huko nje ya mji kuna mpya zenye gereji? Siwalaumu. Mtu aliyekimbia vita hana haja ya kubembeleza ngazi iliyooza.

Kinachonichoma ni jirani yangu wa kulia, mwalimu mstaafu na mkewe. Wamekwangua rangi ngazi hadi ngazi, mlango hadi mlango, likizo baada ya likizo. Hawana mpango wa hoteli. Wanakaa. Wanapika, wanagombana, wanatundika nguo. Huku nyumba ya kale inapanda daraja mtu akiingia kukaa. Kwetu inapata thamani siku tunayoihama. Tembea Mji Mkongwe, Shangani mpaka Hurumzi, uhesabu mabango ya hoteli. Sisi wenyewe tuko nje ya mji, Fuoni na Tomondo, chini ya mabati, feni usiku kucha, na jioni tunakuja Forodhani kula mishikaki na kupiga picha pamoja na watalii.

Na anayebaki Mji Mkongwe anafanya nini? Anapaka saruji juu ya chokaa, kwa sababu saruji ni maendeleo. Ukuta unakunywa masika yote, hauna pa kuyatolea, boriti za mkoko zinaoza kwenye ncha pale zilipozama ukutani. Halafu alfajiri moja simu: nyumba imeanguka. Tunasema mvua. Mvua hiyo hiyo ilizikuta nyumba hizi zaidi ya miaka mia na zikasimama! Beit al-Ajaib yenyewe, tarehe 25 Desemba 2020, iliporomoka upande mmoja huku ikitengenezwa, na watu wawili wakafa. Siku ile sikutaka kusikia habari ya nyumba ya mtu yeyote.

Najua mtakachosema. Ati nimekuwa Mzungu. Ati huko benki zinakopesha, sisi tutoe wapi? Kweli, nina mkopo wa miaka thelathini na nikifa wataurithi wanangu. Lakini hoja ya umasikini ina tundu, maana ghorofa ya Fuoni haikujengwa kwa dua. Pesa iliyotoka ni ile ile. Tumeamua tu iende wapi.

Mwingine atanambia: rudi ulale wewe kwenye nyumba inayovuja juu ya kitanda. Nimelala. Nilijua kila ndoo ya nyumba ile na mahali pake.

Mwingine: tangu UNESCO ituandike kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 masharti yamezidi, mtu habadilishi hata dirisha. Hapa ndipo nacheka. Mimi nilitaka kuweka madirisha ya plastiki, baridi inapita mpaka mapazia yanacheza. Nikapata barua: upande unaotazama barabara ni mbao, vilevile kama yalivyokuwa. Nyumba yangu, mkopo wangu, masikio yangu ndiyo yanayoganda, na karani asiyenijua ananichagulia dirisha! Nilitukana kwa Kiswahili chote nilichofundishwa barazani. Lakini barua ilikuwa na jina la mtu mmoja, na mtu huyo ana hati, anaweza kujibu, kubishana, kisha kutafuta seremala. Nyumba yetu ya Sokomuhogo barua apelekewe nani? Warithi kumi na saba: wa Dar, wa Maskati, mmoja Toronto, na mimi. Kila mmoja ana haki ya kuzuia, hakuna mwenye wajibu wa kuziba bomba. Na zile zilizochukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, mpangaji anangoja Serikali, Serikali inangoja kodi.

Na yule msomi atasema: huko kwenu kukarabati ndiko kuwafukuza masikini. Hili silikatai. Nyumba ya vyumba kumi vya kupangisha ikirudishwa kuwa ya familia moja, wale wapangaji hawaitwi kwenye sherehe. Na mimi ni miongoni mwa wanaopandisha bei, sina pa kujificha. Ila kwetu tumefukuzwa vilevile, tena kwa sahihi zetu wenyewe, mbele ya wakili, na chai tukanywa.

Sasa nasikia kuna mnunuzi mwengine wa hoteli, na kwamba ameipenda sana ile roshani ya nyumba yetu. Ami zangu, kwa heshima zote: sehemu yangu ni ndogo, naijua mpaka robo yake, na siiuzi. Tafuteni mmoja wetu tumwandikie idhini asimamie, ghorofa ya chini apangishe maduka, kodi irudi ukutani. Na yule atakayenambia ninaringa kwa kuwa niko Marekani, mwaka jana tulipochangia boriti za chumba cha juu alituma dua na vikono viwili vya kuomba. Atume kwanza mchango wake. Namba ya Bi Mkubwa anayo.