Una watu wangapi chini yako?

Mjomba wangu wa Tanga, aliyestaafu kazi ya bandarini, huipima ajira ya mtu kwa swali moja tu: "Una watu wangapi chini yako?" Nikimjibu kwamba sina hata mmoja, ila ni mhandisi mwandamizi wa programu, hunitazama kwa huruma. Kwake yeye bado sijapanda.

Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, maana kampuni nilizopitia hapa Dar zinapima vivyo hivyo. Mahali fulani tulikuwa na jamaa aliyeujua mfumo wetu wa malipo kama mtu anavyoijua njia ya kwao usiku. Alipoomba nyongeza ya mshahara akaambiwa ngazi yake imefika mwisho, akitaka zaidi awe meneja. Akawa. Baada ya miezi michache mchana wake ulikuwa vikao, fomu za likizo na ripoti, na usiku aliandika upya kazi za vijana wake badala ya kuwafundisha. Fundi tukampoteza, na meneja hatukumpata.

Dawa ya hili wala si ngeni. Kampuni ya kompyuta ya IBM tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 wana cheo cha juu kabisa cha mabingwa wa ufundi, IBM Fellow, kisichomlazimisha mtu kusimamia wenzake. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, naye alisita kuacha kazi Hewlett-Packard kwa ajili ya Apple. Kilichomlegeza ni rafiki kumwambia kwamba anaweza kubaki mhandisi bila kuwa meneja.

Simo, hata hivyo, katika kundi la wanaosema mameneja ni mzigo. Google walijaribu mwaka 2002 kuishi bila mameneja wa wahandisi. Jaribio lilidumu miezi michache tu, watu wakimfuata Larry Page mwenyewe, mwanzilishi mwenza wa kampuni, na madai ya gharama na ugomvi wa wao kwa wao. Miaka kadhaa baadaye kampuni hiyohiyo ilichunguza meneja mzuri ana sifa gani, ikapata nane, na ujuzi wa kiufundi ukashika mkia. Wako mameneja wanaoutaja utafiti huo kama ruhusa ya kutojua kitu. Mimi nausoma vingine: kama thamani yako iko katika kulea watu na kuwaondolea vikwazo, basi uamuzi wa kiufundi mwachie mwenye nao.

Hapo ndipo kwetu panapovuja. Vyeo tumeviiga, "mwandamizi" na "mkuu" vimeandikwa kwenye mikataba, lakini kauli haikutolewa pamoja navyo. Nakumbuka Ijumaa moja, meneja alikwishamwahidi mteja kwamba toleo jipya la mfumo litapanda, yaani litaanza kutumika, siku hiyo. Nikasema mabadiliko ya kanzidata, hazina ya taarifa za mfumo, hayajajaribiwa kwa data nyingi, tusubiri Jumatatu. Nikajibiwa, "Tutaona mbele ya safari, kaka." Saa nane usiku wateja walikuwa wanakatwa pesa mara mbili, na simu iliyolia ilikuwa yangu. Ya kwake ilikuwa imezimwa. Kuamshwa hakukuniudhi sana, ndiyo kazi. Kilichoniudhi ni kikao cha Jumatatu, nilipoulizwa kwa nini "sikusisitiza".

Nisisitize kwa nguvu ipi? Neno langu lilikuwa ushauri tu. Tangu hapo, kila nikienda kwenye usaili huuliza: mhandisi mwandamizi akisema toleo lisipande leo, nani anaweza kulipandisha? Ukimya unaofuata hunieleza mengi kuliko tangazo la kazi.

Idi iliyopita nilijaribu kumweleza mjomba kwa lugha ya kazi yake. Meli inapoingia bandarini, nahodha anabaki nahodha. Mabaharia ni wake na ratiba ni yake. Lakini anayesema geuza hapa, punguza mwendo pale, ni rubani wa bandari, kwa sababu yeye ndiye anayejua kina cha maji na miamba ilipo. Na rubani yule hana baharia hata mmoja chini yake.

Mjomba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akauliza, "Na huyo rubani wa kwenu, analipwa kama nahodha?"

Nikamuuliza habari za minazi yake.